Tai Aliyevaa Tai: Jinsi ya Kusoma Mafumbo ya Ukutani



Barazani kwetu mazungumzo yakifika kwenye vijana wanaochora kuta, wazee wengi hukunja uso. Huyu husema ni uhuni. Yule husema ni kuiga mambo ya Wazungu. Wa tatu humaliza kwa kusema kwamba mtu mwenye neno alitoe kinywani, asiliache ukutani kama mwizi aliyesahau kiatu chake. Hoja hizi zina uzito wake, na nitairudia ile ya mwisho kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote. Lakini naona kuna jambo tunalolisahau. Jamii ambayo ingepaswa kuwa ya kwanza kuielewa michoro hii ni sisi Waswahili, kwa kuwa tumeishi na ndugu yake kwa zaidi ya miaka mia moja, tena humo humo majumbani mwetu. Ndugu huyo ni leso.

Makala haya yaeleza michoro ya ukutani yenye mchezo wa maneno hufanya kazi vipi, kwa nini wachoraji hufumba badala ya kusema waziwazi, na lini fumbo huwa dawa na lini huwa sumu. Safari yetu itatupeleka mbali na bahari, hadi Migori na Homa Bay huko kando ya Ziwa Viktoria, kisha Nairobi, halafu turudi nyumbani.

Leso ilitangulia

Kila mwanamke wa Pwani ajua kwamba leso ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Jina ndilo yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Inaelezwa kwamba mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara mwaka 1887 na ambaye leso zake zilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndiye aliyeeneza mtindo wa kutia maneno kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanzo maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja kwa herufi hizi tunazosomea leo.

Sasa tazama jina hilo linavyofanya kazi. Mwanamke ajifunga leso iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" na kupita mbele ya nyumba ya jirani. Hakumtaja mtu. Hakufungua mdomo. Jirani akija juu na kuuliza, "Wanisema mimi?", atakuwa amejitangaza mwenyewe kuwa hasidi. Akinyamaza, ujumbe umemfika. Na yule mvaaji akiulizwa na mume wake au na mzee wa mtaa, jibu analo tayari: mimi nilinunua nguo, maneno yalikuja na nguo.

Hapo pana mambo matatu. Maneno yako hadharani. Mlengwa hakutajwa. Na msemaji ana mlango wa kutokea. Yashike hayo matatu, kwa sababu mchoro wa ukutani wenye fumbo umejengwa juu ya msingi huo huo.

Wala kuchora ukuta si jambo geni kwetu. Ndani ya Fort Jesus kuna michoro ya meli na watu iliyochorwa na mabaharia wa Kireno karne nyingi zilizopita. Kwenye lipu za magofu ya miji yetu ya kale, Gede ikiwemo, wataalamu wameona michoro ya majahazi iliyokwaruzwa. Aliyeikwaruza hatumjui jina, lakini jahazi lake lingali linasafiri.

Ukuta wa Migori, mchoro wa Homa Bay

Tuelekee ziwani. Wengi wetu tukilisikia jina la Homa Bay, kitu cha kwanza kutujia ni joto la mwili na dawa ya malaria. Huo wenyewe ni mchezo wa maneno uliozaliwa na kukutana kwa lugha mbili, kwa kuwa jina la mji halina uhusiano na homa yetu. Huko, lugha hukutana kila siku. Kaunti ya Migori yapakana na Tanzania, na katika mji wa mpakani wa Isebania mtu aweza kusalimiwa kwa Kikuria, akauziwa kwa Kiswahili, akasikia muziki wa Kijaluo na kusoma bango la Kiingereza, vyote kabla ya kuvuka barabara. Katika kaunti ya Homa Bay, mji wa Kendu Bay una jamii ya Waislamu ya tangu zamani na msikiti wake wa Tawakal, kwa hivyo hata salamu yetu si ngeni kule.

Kaunti hizi mbili zina historia ya kuta na michoro inayostahili kujulikana. Migori ndiko kuliko Thimlich Ohinga, mji wa kale uliozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji. Kuta hizo, zinazofikia takriban mita nne kwenda juu, zinaaminika kujengwa karne ya 16, na zingali zimesimama. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia, orodha ile ile yenye Mji wa Kale wa Lamu na Fort Jesus.

Homa Bay nako kuna kisiwa cha Mfangano, na humo, katika maeneo ya Mawanga na Kwitone, kuna michoro ya kale ya miviringo myekundu na myeupe juu ya miamba. Yaaminika ni kazi ya wawindaji walioishi huko kabla ya wakazi wa sasa. Wasuba waliokuja baadaye waliihusisha michoro hiyo na ibada za kuomba mvua, na makumbusho ya jamii yao kisiwani huitunza hadi leo. Kwa hiyo, kabla hatujasema kwamba kuchora ukuta ni uigaji wa Nairobi au wa Ulaya, tukumbuke kuwa ziwani watu walikuwa wakisoma michoro kwenye jiwe zamani sana.

Na mchezo wa maneno? Huo nao wanao wa kwao. Wajaluo wana sanaa iitwayo pakruok, ambapo mtu husimama katikati ya ngoma, muziki ukasimamishwa, naye akajisifu au akamsifu mwenzake kwa majina ya mafumbo na tashbihi za kuchekesha. Twaweza kuifananisha na majigambo yetu. Ndiyo maana siasa za huko hujaa majina ya kupachikwa. Marehemu Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, aliitwa Agwambo, yaani mtu wa miujiza asiyetabirika, na pia Tinga, jina lililotokana na trekta iliyokuwa alama ya chama chake katika uchaguzi wa 1997. Mchoro wa trekta peke yake, bila neno hata moja, ulitosha kuwa hotuba.

Jambo jingine: wanawake wa huko nao huvaa leso zenye majina ya Kiswahili. Kwa hivyo jina la leso lilifika ziwani zamani, likakuta wenyeji ambao tayari ni mabingwa wa kufumba.

Fumbo huundwaje?

Mchoro wa ukutani uliozungumzwa kuliko yote katika siasa za Kenya ulitokea Nairobi mwezi Februari 2012, kwenye Barabara ya Muindi Mbingu karibu na Soko la Jiji. Watu walilala, walipoamka wakakuta ukuta mzima umechorwa. Nyuma ya kazi hiyo alikuwa Boniface Mwangi, mpiga picha aliyekuwa ameshuhudia kwa kamera yake ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, pamoja na wachoraji wa mitaani wakiwemo Swift9, Bankslave, Uhuru B na Smokillah. Walimchora ndege mla mizoga aliyevaa suti, ameketi kama mfalme, na maneno ya kuwacheka wapiga kura wanaoibiwa na kisha wakamrudisha mwizi madarakani. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki karibu mwaka mmoja.

Kampeni hiyo iliwaita wanasiasa "MaVulture". Hebu tulichambue neno hili, kwa kuwa ndani yake kuna ufundi. Vulture ni neno la Kiingereza la tumbusi, yule ndege anayengoja mnyama afe. Lakini kiambishi "ma-" ni chetu. Kwa Kiswahili, ukitaka kukuza kitu kwa dharau, wakiingiza katika ngeli hiyo: watu huwa majitu, nyumba huwa majumba. Mchoraji amechukua shina la Kiingereza, akalivisha dharau ya Kiswahili, na neno likaeleweka na kila mtu kuanzia makanga hadi mhadhiri. Nasi Waswahili twaongeza letu: tukiitazama picha ile twaona tai aliyevaa tai. Lugha yetu imempa ndege na kitambaa cha shingoni jina moja, ni kama ilijua siku moja watakutana.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kuunda fumbo: kuvisha neno la lugha moja vazi la lugha nyingine.

Njia ya pili ni kuunganisha maneno mawili yaliyokaribiana. Mei 2013, wabunge waliokuwa ndio kwanza wamechaguliwa walidai mishahara mikubwa zaidi. Tume ya mishahara ilikuwa imewapangia takriban shilingi 532,000 kwa mwezi, ilhali waliotangulia walikuwa wakipata takriban 851,000. Waandamanaji walipeleka nguruwe mbele ya Bunge jijini Nairobi na kuwaita wabunge "MPigs". Herufi mbili za cheo cha mbunge kwa Kiingereza zimemezwa ndani ya jina la nguruwe. Mwislamu hahitaji kuelezwa zaidi ukali wa tusi hilo. Waandamanaji kadhaa walikamatwa, lakini neno halikukamatika.

Njia ya tatu ni kumpa mkubwa jina la mtu wa hadithi. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipoleta kodi mpya, vijana walimwita Rais William Ruto "Zakayo", yule mtoza ushuru wa kwenye Injili aliyepanda juu ya mti. Wakristo walilielewa mara moja, kwa kuwa mtoto hufundishwa hadithi hiyo mapema, na kwa hivyo neno "shuka" likawa na maana mbili: shuka mtini, na shuka madarakani. Baadaye likaja jina la Kasongo, kutoka kwenye wimbo wa zamani wa dansi.

Njia ya nne ni kuandika neno la kigeni kwa sauti yetu. Mwaka 2025 lilivuma "wantam", yaani muhula mmoja tu. Ni Kiingereza kilichotamkwa kiafrika na kuandikwa kama kinavyosikika. Wafuasi wa serikali wakajibu kwa "tutam", mihula miwili. Hapo utaona kwamba fumbo zuri humlazimisha hata mpinzani acheze kwa sheria zako.

Njia ya tano ni kifupi chenye maana. Jirani zetu wa Tanzania walitupa mfano mzuri mwaka 2016, chama cha CHADEMA kilipotangaza maandamano ya tarehe 1 Septemba chini ya jina la UKUTA, yaani Umoja wa Kupinga Udikteta Tanzania. Maandamano hayo yaliahirishwa, lakini neno lilibaki, kwa sababu kila nyumba ina ukuta na kila anayeutaja ukuta alionekana kama anayeitaja siasa.

Kwa nini wasiseme waziwazi?

Sasa niirudie hoja ya yule mzee wa barazani: mwenye neno alitoe kinywani.

Jibu langu latoka Homa Bay. Tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, kijana wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao katika kaunti hiyo kwa madai ya kuchapisha maneno ya kumharibia jina naibu wa inspekta jenerali wa polisi kwenye mtandao wa X. Alikuwa mwalimu katika kaunti ya Taita Taveta, hapa hapa Pwani. Alisafirishwa kutoka ziwani hadi Kituo Kikuu cha Polisi jijini Nairobi, mwendo wa mamia ya kilomita kwa sababu ya maneno. Kufikia tarehe 8 Juni alikuwa amekufa.

Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Madaktari waliochunguza maiti walikuta majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengine mwilini, wakasema hayo hayafanani na ya mtu aliyejiumiza mwenyewe. Inspekta jenerali wa polisi aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ile ya mwanzo. Maafisa wa polisi na raia kadhaa walishtakiwa kwa mauaji, nao wakakana. Tarehe 3 Julai, maiti iliporudishwa nyumbani, waombolezaji wenye hasira walikichoma moto kituo cha polisi cha Mawego, ambako Ojwang alipitishwa alipokamatwa.

Wasomaji wangu, zingatieni kwamba hata hapo ukuta ulitumiwa. Mwananchi huutumia ukuta kusema ukweli asioweza kuusema kwa jina lake. Siku ile ukuta wa seli ulibebeshwa kauli ambayo haikuwa yake.

Ojwang hakuwa wa peke yake. Mwishoni mwa Desemba 2024 vijana kadhaa walitekwa, akiwemo mchoraji Gideon Kibet, anayejulikana kama Kibet Bull, ambaye picha zake za kivuli cheusi zilikuwa zikimkejeli rais. Zile picha hazikuwa na uso. Mtu aliona umbo tu, akajua. Kibet na wenzake waliachiliwa tarehe 6 Januari 2025. Ukifikiri vizuri, kumteka mtu kwa sababu ya kivuli kisichokuwa na jina ni sawasawa na yule jirani anayetoka mbio kuuliza, "Wanisema mimi?"

Basi mzee wangu wa barazani asema kweli kwamba ushujaa ni kusema waziwazi. Lakini ushujaa una gharama, na si haki kumdai kijana wa Migori au wa Kisauni alipe gharama ambayo sisi wenyewe hatuilipi. Fumbo ni ngao ya mnyonge. Lile la leso lilimlinda mwanamke katika nyumba ambayo hakuwa na neno. Lile la ukutani lamlinda raia katika nchi ambayo neno laweza kumpeleka seli.

Ngao hiyo haina kazi ya kulinda tu. Fumbo humfanya msomaji afanye kazi. Mtu akiambiwa "wabunge ni walafi" hupita akisema hilo nalijua. Akikuta tai aliyevaa tai, husimama, hucheka, hufikiri, kisha humwita mwenziwe waangalie. Kile alichokifumbua mwenyewe hakisahau. Wahenga walisema, "Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua." Mchoraji anayefumba amempa mpita njia heshima ya kumhesabu kuwa mwerevu.

Fumbo likigeuka sumu

Hata hivyo nisije nikaonekana nasifu kila rangi iliyomwagwa ukutani. Ngao hiyo hiyo yaweza kumficha muuaji.

Kenya ina neno moja ambalo latosha kuwa onyo: madoadoa. Kwa maana ya kawaida ni vipaku juu ya kitu kilichotakiwa kuwa na rangi moja. Katika ghasia za 2007 na 2008, kuondoa madoadoa kulimaanisha kuwafukuza watu wa makabila mengine kutoka maeneo fulani. Aliyelitamka angeweza kudai alikuwa akizungumzia nguo. Zaidi ya watu elfu moja walikufa katika ghasia hizo. Januari 2022 mwanasiasa Mithika Linturi alikamatwa kwa kulitumia neno hilo katika mkutano Eldoret, na mwaka huo huo Tume ya Uwiano na Utangamano ikaliweka katika orodha ya maneno ya chuki.

Linganisha "madoadoa" na "MaVulture". Yote mawili ni mafumbo, yote yametumia ngeli moja. Tofauti iko kwa mlengwa. MaVulture lamlenga mwenye madaraka kwa yale aliyoyatenda, na anaweza kujirekebisha kesho akatoka katika kundi hilo. Madoadoa lamlenga jirani kwa namna alivyozaliwa, na hakuna atakalofanya likamsaidia. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: je, fumbo lapanda juu kuelekea kwa mkubwa, au lashuka kwa mnyonge? Je, lasuta tendo au lasuta damu?

Ghasia zile zile zilitoa pia mfano wa upande wa pili. Huko Kibera, msanii Solomon Muyundo, maarufu kama Solo7, alitembea akiandika maneno ya amani kwenye milango, kuta na vibanda. Aliyachukua maneno ya Kiingereza yanayotumiwa kwenye mabango ya kumsaka mhalifu, kwamba atakikana akiwa hai au amekufa, akayageuza: amani ndiyo inayosakwa, na yatakikana ikiwa hai. Mchezo huo wa maneno ulikuwa unaomba watu wasiuane.

Na sisi Pwani tusijitoe. Kati ya 2010 na 2012 kauli ya "Pwani si Kenya", iliyoenezwa na Baraza la Mombasa Republican, MRC, ilionekana mahali pengi. Maneno matatu, na uzito wote umebebwa na silabi moja: "si" mahali pa "ni". Wako waliosoma humo kilio cha ardhi na ajira, na wako waliosoma tishio la kuivunja nchi. Serikali ilipiga marufuku kundi hilo mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo Julai 2012. Funzo ninalolichukua ni kwamba kufuta neno ukutani hakukufuta swali la ardhi. Swali hilo lipo hadi leo, ukuta uwe na rangi au usiwe nayo.

Ukuta ni wa nani?

Lipo pia suala la mali. Ukuta una mwenyewe. Katika dini yetu, kuharibu mali ya mtu bila idhini yake ni dhuluma, na fumbo zuri halihalalishi. Msikiti, mali ya wakfu, kaburi na nyumba ya mtu binafsi si karatasi ya mchoraji. Kijana anayetaka kumsuta mwizi asianze kwa kuchukua cha mtu.

Lakini tuwe waadilifu kwa pande zote. Ukipita katika miji yetu midogo, iwe Migori, Homa Bay, Malindi au Ukunda, utaona maduka yaliyopakwa rangi za makampuni ya simu, sabuni na soda kutoka chini hadi juu. Wakati wa uchaguzi, kuta zote hufunikwa na sura za wagombea, na zikishachakaa hakuna anayerudi kuzibandua. Hakuna anayeita huo uhuni. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliamuru majengo yapakwe rangi nyeupe na buluu, na wenye nyumba wakagharimika. Kwa hivyo ukuta haukosi msemaji kamwe. Mwenye fedha huukodi, mwenye mamlaka huuamuru, na asiyekuwa na fedha wala mamlaka hubaki na usiku na kopo la rangi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 33, yampa kila mtu uhuru wa kujieleza, ukiwemo uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kifungu hicho hicho chakataza uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na propaganda ya vita. Ukisoma vizuri utaona kwamba Katiba imeshachora ule mpaka nilioueleza baina ya MaVulture na madoadoa. Kumkejeli kiongozi hakumo katika orodha ya yaliyokatazwa.

La kufanya

Nina mapendekezo matatu, na hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza ni la serikali za kaunti. Kila mji una kuta za umma: uwanja wa michezo, soko, kituo cha matatu. Tengeni baadhi yake ziwe za vijana kuchora kwa ruhusa, kwa sharti moja tu kwamba chuki ya kabila, dini na jinsia haikubaliwi. Kejeli kwa viongozi ikubaliwe, ukiwemo ukuta ulio mkabala na ofisi ya gavana. Kiongozi anayevumilia mchoro mbele ya dirisha lake hupata habari ambazo wapambe wake hawatampelekea.

La pili ni la sisi wazee na walimu. Vijana wetu wa Mombasa, Kilifi, Lamu na Kwale wamerithi lugha yenye mafumbo kuliko lugha nyingi, lakini michoro mingi ninayoiona imebeba Kiingereza kitupu au tusi lisilo na ufundi. Tusi ni rahisi, fumbo lahitaji shule. Somo la leso, la methali na la vitendawili lifundishwe kwa kijana mwenye kopo la rangi mkononi, ili atakapomsuta mkubwa, amsute kwa Kiswahili kitakachokumbukwa.

La tatu ni la msomaji. Ukikuta mchoro wenye maneno, usikimbilie kuuliza nani aliyechora. Hilo ni swali la polisi. Uliza kwanza neno hili lina maana ngapi. Kisha uliza lamlenga nani, na je, mlengwa ana uwezo wa kujitetea. Mwisho uliza ni jambo gani limemshinda mtu huyu kulisema mchana. Majibu ya maswali hayo yatakwambia hali ya mtaa wako kuliko hotuba ya jukwaani.

Kuta za Thimlich Ohinga zimesimama karne tano kwa sababu kila jiwe lilichaguliwa likae na mwenzake bila saruji. Maneno nayo hupangwa hivyo. Tukiwanyima vijana wetu nafasi ya kuyapanga, watayarusha kama mawe.